Chumba cha vitanda vya deka kwa wageni wa nyumba ya mapumziko: namna ya kukipamba kwa vitu vya zamani

Huku Rungwe, mkoani Mbeya, salamu ya asubuhi ya Kinyakyusa ni swali kuhusu usingizi. "Ugonile?" Umelala? Ukimsalimia mkubwa, au watu wengi kwa pamoja, unasema "Mugonile?" Kwa hiyo mwenye nyumba anayepokea wageni hana njia ya kukwepa. Kila kukicha anauliza mwenyewe kwa kinywa chake kama watu wamelala, na jibu analiona usoni mwa mgeni kabla hajalisikia.

Nyumba yetu ya familia iko nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Kuanzia tarehe 20 Desemba watu hupanda kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya mjini, na wiki mbili hizo nyumba ya vyumba vitatu hulaza watu kumi na tano. Miaka mingi tulitandika magodoro sebuleni, na aliyeamka usiku kwenda msalani aliruka miguu ya wenzake. Ndipo nikageuza stoo ya kahawa kuwa chumba cha deka, yaani vitanda vya kupandana, kimoja chini kimoja juu. Baada ya hapo nimesaidia jamaa wawili kufanya vivyo hivyo, mmoja Mufindi na mwingine Iringa mjini, katika nyumba wanazokwenda kupumzika mwisho wa juma. Ninayoyaandika hapa nimeyashika kwa mikono yangu.

Moja nililisimamia katika vyumba vyote vitatu: kitu cha zamani kinaingia chumbani kwa sababu kuna kazi kinakuja kufanya. Tranka litunze blanketi. Chemli iwashe mwanga. Kikapu kibebe viatu. Kisicho na kazi kitakuwa pambo la wiki moja, kisha kitakusanya vumbi juu ya kichwa cha mtoto aliyelala.

Anza na watu, si na vitanda

Kaa na karatasi uandike majina ya wanaokuja kweli. Sio "wageni", bali shangazi mwenye goti bovu, binamu mwenye mtoto wa miezi minane, vijana wawili wa sekondari wanaoongea hadi saa saba usiku. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia utengeneze nini. Mzee halali juu hata akisema anaweza, maana atasema anaweza kwa adabu tu. Mama anayenyonyesha hatoshi kwenye godoro la futi 3, kwa hiyo nashauri kitanda kimoja cha chini kiwe cha futi 4 kwa 6. Mtoto aliye chini ya miaka 6 hapandi juu kabisa.

Fikiria pia njia ya kwenda msalani. Katika familia za Kinyakyusa zinazoshika mila, mkwe wa kike hujiepusha na baba mkwe, hata kupishana naye ukumbini ni taabu kwa wote wawili. Mlango wa chumba cha deka ukitazama mlango wa chumba cha mzee, kuna mgeni atakayekaa na haja zake hadi kupambazuke. Sisi tulifungua mlango wa pili upande wa nyuma, na sijutii hata tofali moja lililotolewa.

Kuna wanaoniambia kulaza watu wengi chumba kimoja ni mambo ya bweni, si ya heshima. Wazee wa huku wanasimulia kwamba zamani wavulana wa Kinyakyusa walipofika karibu miaka kumi waliondoka kwa wazazi wao wakajenga vibanda vyao wenyewe, wakalala pamoja na wa rika lao, na kijiji cha rika kikaanzia hapo. Kulala na wenzako, mkisimuliana gizani, ni jambo la nyumbani kabisa.

Kausha chumba kwanza

Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ukileta picha za zamani, vitambaa na godoro jipya kwenye chumba chenye unyevu, kufikia Aprili utakuta kuvu nyeusi nyuma ya kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kununua hata kopo la rangi, fanya jaribio hili: chukua kipande cha nailoni cha futi 2 kwa 2, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, uliogusana na ukuta, unyevu unatoka ukutani wenyewe. Tafuta chanzo: mfereji wa paa uliotoboka, udongo wa nje uliopanda juu ya msingi, bomba linalovuja. Matone yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa isiyotembea. Fungua matundu ya hewa juu ya dirisha na uache milango wazi mchana.

Hapa ndipo watu wengi hukosa subira, na mimi nawasihi wangoje. Rangi juu ya ukuta mbichi hubanduka msimu mmoja.

Pima, kisha ndipo umwite fundi

Mfano wangu niliuchukua kwenye reli. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na watu wa umri wangu wengi tulilala ndani ya behewa lake kabla ya kulala hotelini. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, cha daraja la pili sita. Vitanda viwili huku, viwili kule, njia katikati, meza ndogo chini ya dirisha. Hakuna nafasi iliyopotea, na bado kila mmoja ana kona yake. Mpangilio huo huo ulienea kwenye stoo yetu ya futi 10 kwa 12: deka mbili zinatazamana kwenye kuta ndefu. Ukiweka godoro la futi 3 upande mmoja na la futi 4 upande wa pili, njia inayobaki ni kama futi 3, nayo inatosha mtu na begi lake.

Urefu ndio unaokosewa mara nyingi. Dari letu liko futi 9, yaani inchi 108. Hesabu yetu ilikwenda hivi: chaga za kitanda cha chini ziko inchi 14 kutoka sakafuni, ili tranka liingie mvunguni. Godoro la inchi 6 linafikisha 20. Kutoka hapo tukaacha inchi 36 hadi chini ya kitanda cha juu, mtu mzima akae kitandani avae viatu bila kuinama, tukafika 56. Fremu na chaga inchi 5, godoro jingine inchi 6, jumla 67. Aliyelala juu amebakiwa na inchi 41 hadi darini, anaweza kukaa. Kama dari lako liko futi 8, toa kidogo kila mahali, lakini nafasi ya juu ikishuka chini ya inchi 30 acha deka, tengeneza vitanda vya kawaida. Na usidanganyike kuweka godoro nene juu kwa ajili ya starehe. Kila inchi ya godoro inafupisha kingo, ule uzio wa pembeni unaomzuia aliyelala juu asianguke.

Kingo ndiyo roho ya kitanda cha deka. Kanuni za Marekani kuhusu vitanda hivi zinataka kingo ipande angalau inchi 5 juu ya godoro, na pengo lolote kati ya mbao lisizidi inchi 3 na nusu. Sababu ya kipimo hicho cha pengo inatisha lakini lazima ijulikane: mwili wa mtoto unaweza kupita mahali ambapo kichwa chake hakipiti, akabaki ananing'inia kwa shingo. Weka kingo pande zote mbili, hata upande wa ukuta. Fundi wangu aliniambia, "Mama, kingo ndefu namna hiyo inaharibu sura ya kitanda." Nikamjibu, "Fundi, sura nitaitafuta kwenye shuka." Tukapandisha inchi 7.

Ngazi iwe na vidato bapa, vya upana wa kiganja, visivyopishana zaidi ya inchi 12. Vidato vya mviringo huumiza nyayo za mtu aliyetoka usingizini. Ngazi ifungwe kwa bolti, isiwe ya kuegesha.

Mbao

Mbao zangu za kwanza nilinunua mbichi. Muuzaji alinihakikishia zimekauka, nami nilikuwa na haraka ya Krismasi. Kufikia Machi miguu miwili ilikuwa imejipinda, bolti zimelegea, na kitanda kikalia kila mtoto alipogeuka. Tulikibomoa chote.

Nyanda za Juu Kusini ndiko kwenye mbao. Shamba la miti la Sao Hill, karibu na Mafinga, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na mbao za paini utazikuta kila njia panda kuanzia Iringa hadi Tukuyu. Zinafaa deka vizuri, mradi zimekauka. Chukua mbao mbili za kipimo kimoja, uzipime kwa mikono: iliyokauka ni nyepesi, na ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia, haimezi sauti. Hata hivyo nunua miezi miwili au mitatu kabla. Zipange kivulini juu ya matofali, kila safu ukiitenganisha na vipande vyembamba ili hewa ipite, na uweke mzigo juu zisipinde. Mlingoti, yaani mkaratusi, ni mgumu lakini hupasuka na kujisokota unapokauka, mimi nauacha kwa uzio.

Kwa nguzo nne tumia mbao za inchi 4 kwa 4, kwa fremu ndefu 2 kwa 6, kwa chaga 1 kwa 4. Kitanda cha futi 6 kinachukua chaga 11, pengo lisifike inchi 3. Usikubali fundi akuwekee ubao mmoja mpana badala ya chaga. Godoro halitapumua, na kwa unyevu wa huku utalikuta limelowa kwa chini. Viungo vikuu vifungwe kwa bolti na washa, misumari pekee haitoshi, kisha deka lote lishikwe ukutani kwa bolti mbili kila upande, ukipachika vipande vya mbao vya inchi 2 katikati ili hewa ipite nyuma yake.

Mambo ya zamani yanaanzia kwenye mbao zenyewe. Nyumba ya zamani ikibomolewa jirani, wahi ukaulizie fremu za milango. Nyingi ni mninga. Fundi akizipiga randa kidogo tu, rangi ile ya asali iliyoiva inarudi, na kipande kimoja kinatosha ubao wa kichwani wa vitanda viwili. Usizipige randa hadi alama zote ziishe. Tundu la bawaba ya zamani liache hapo.

Ukuta na sakafu

Anayekumbuka shule na zahanati za zamani anakumbuka kuta zake: juu nyeupe, chini rangi ya mafuta, kijani kizito au kahawia, na mstari mwembamba unaotenganisha. Irudishe. Pandisha rangi ya mafuta hadi futi 4 kutoka sakafuni, maana hapo ndipo migongo, mikono na viatu vya watoto hugusa, na hufutika kwa kitambaa chenye maji. Juu paka nyeupe ya maziwa, si nyeupe kali, inayofanya chumba kionekane baridi zaidi asubuhi za ukungu. Sakafu, kama ni ya saruji, ipake polishi nyekundu. Ni harufu ya nyumba za bibi zetu. Ipake wiki mbili kabla ya wageni, la sivyo soksi zote zitakuwa nyekundu, na usiipake kwenye njia ya ngazi kwa sababu inateleza.

Kama uko Iringa, pita kwenye Boma, jengo lililobaki tangu enzi za Wajerumani na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Tazama madirisha yalivyozama ndani ya kuta nene. Nyumba yako ikiwa na ukuta wa namna hiyo, kizingiti cha dirisha ndiyo rafu yako, usitoboe ukuta kutafuta nyingine.

Vitu vya zamani na kazi zake

Anza ndani ya ukoo. Kabla ya kwenda sokoni, zunguka kwa shangazi na wajomba na uulize kilichofungiwa darini. Utapewa vitu ambavyo hakuna duka linaloviuza.

Foronya za kudarizi ndizo ninazozipenda kuliko vyote. Mama zetu walishona maua ya msalaba-msalaba na maneno "Lala Salama" kwa uzi mwekundu au wa buluu, wakazitunza kwa ajili ya mgeni. Nilizipata sita kwenye sanduku la mama mkwe, mbili zimechanika. Zilizo imara zinavalishwa mito ya wageni na zinafuliwa kama foronya nyingine. Zilizochanika nilikata kipande kilichodariziwa, nikakishonea kwenye kitambaa kipya cha pamba. Vile vitambaa vya kufuma vilivyofunika makochi na redio vimekuwa pazia la nusu dirisha: unavipitishia uzi mnene vinne mfululizo, na mwanga wa asubuhi unachora maua sakafuni.

Tranka la shule linakaa mvunguni, moja kwa kila kitanda. Lile la bati lenye jina la mwanafunzi lililoandikwa kwa rangi nyeupe, usilifute jina. Watoto wetu hulala kwenye "kitanda cha mjomba" kwa sababu jina la mjomba limeandikwa kwenye tranka la chini yake, na wameanza kumuuliza habari za bweni. Funga magurudumu manne madogo kwenye kipande cha ubao, uliweke juu yake, litoke bila kuchuna sakafu.

Huku kwenye chai, Rungwe na Mufindi, kulikuwa na makasha ya plaiwudi yaliyofungwa bati pembezoni, yaliyosafirishia chai kabla ya mifuko ya karatasi kuyaondoa. Ukilipata, lisimamishe wima kati ya vitanda: ni kabati na ni meza. Gonga bati zote zilizochomoza kwa nyundo, zinakata. Miguu ya chuma ya cherehani ya Singer inabeba meza ya chini ya dirisha, na ile pasi ya mkaa inazuia mlango usigongwe na upepo. Redio ya mbao isiyofanya kazi, kata waya wake kabisa, mtoto asije akauchomeka.

Vya kununua, nunua vya huku. Vikapu vya Iringa vilivyosukwa kwa milulu vinafaa viatu na nguo chafu, kimoja kwa kila ngazi. Iringa mjini utakuta Neema Crafts, karakana ya mafundi wenye ulemavu iliyoanza 2003, inayofuma vitambaa na mazulia. Vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, hufika hadi masoko ya huku juu. Kimoja kikubwa kinatosha, tena kikae sakafuni kwenye kona. Chungu juu ya rafu, juu ya kichwa cha mtu aliyelala, hapana.

Picha za studio za babu na bibi, wamesimama wima mbele ya pazia lililochorwa, zipelekwe zikatolewe nakala. Nakala ndiyo itundikwe, ya asili ibaki mahali pakavu. Fremu iwe na kadi pembeni inayoinua kioo, maana kioo kikigusana na picha, unyevu unavigandisha pamoja.

Hapa niseme wazi ninaloamini. Nimeona nyumba za wageni zinazodhani "zamani" ni kofia ngumu za walowezi, bunduki za kuigiza na picha za wazungu waliokanyaga tembo. Nyanda hizi ndizo Mkwawa alizopigania dhidi ya Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1898, na fuvu lake lilirudishwa tu mwaka 1954, liko Kalenga. Mjukuu akilala chini ya picha ya mkoloni atauliza huyu ni nani kwetu. Mtundikie bibi yake.

Kabla ya kitu chochote kuvuka kizingiti

Kunguni. Anaweza kukaa miezi bila kula, amejificha kwenye mshono wa tranka au tundu la skrubu, na akiingia kwenye chumba cha deka atahamia kwenye mabegi ya familia tano. Kila kitu kilichonunuliwa kinabaki nje, kikaguliwe kwa tochi kwenye pembe na mishono: tafuta madoa meusi kama ncha za kalamu na maganda mepesi. Chuma na bati vimwagiwe maji yanayochemka kwenye viungo vyote. Vitambaa vya pamba vifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi. Blanketi la sufu lisiloweza maji ya moto lipigwe pasi ya mvuke taratibu, hasa kwenye pindo. Samani ya kitambaa au sponji ya zamani mimi siichukui hata nikipewa bure.

Ubao wenye matundu madogo na unga mpya chini yake una bungua hai. Uache huko huko.

Rangi ya zamani inayobanduka huenda ina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Usiipige msasa mkavu. Lowesha, piga msasa wa maji nje ya nyumba ukiwa umefunika pua, kusanya taka zote, kisha ipake rangi mpya juu. Na kitu hicho kisiwe kingo ya kitanda, ambako mtoto huweka meno.

Matandiko

Baridi ya Juni hadi Agosti huingia kwa chini kuliko kwa juu. Kwa hiyo tandika blanketi moja chini ya shuka, juu ya godoro, ndipo ufikirie la kujifunika. La kujifunika nalo liwe mawili mepesi kuliko moja zito, mtu apunguze mwenyewe. Juu kabisa weka la viraka vya vitenge na kanga zilizochoka, na kila kitanda kiwe na rangi yake inayotawala, ili mtoto akiambiwa "wewe ni wa kijani" ajue.

Mabanda ya mitumba ya Mwanjelwa, Mbeya, nimepata blanketi za sufu nzuri mno. Kuitambua sufu, chomoa uzi mmoja uuchome kando: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki jivu linalovunjika, nailoni huyeyuka ikawa shanga ngumu.

Pazia la kitanda cha chini, kama la behewa, humpa mtu mzima faragha ya kubadili nguo. Lipite kwenye fimbo iliyofungwa kwa skrubu. Kamba ndefu isining'inie popote kwenye deka. Chandarua cha juu kishikwe darini, cha chini kifungwe kwenye ndoano nne chini ya chaga.

Taa

Chagua balbu za LED zenye mwanga wa njano, kwenye boksi zimeandikwa 2700K. Mwanga mweupe wa ofisi unaua mbao zote ulizozihangaikia. Kila kitanda kipate taa yake na swichi ambayo mkono unaifikia bila kushuka. Chemli za zamani ndipo zinapopata ajira: fundi umeme anapitisha waya chini, anaweka balbu ndogo ya LED, chemli inatundikwa ukutani. Mafuta ya taa na utambi havirudi tena ndani yake. Moto wa wazi chini ya kitanda cha juu, karibu na pazia, sitaki hata kuuwaza. Umeme ukikatika kuna tochi, moja kwa kila kitanda, kwenye msumari wake.

Joto, na jiko la mkaa

Ziba nyufa za mlango kwa mto mrefu wa kitenge uliojazwa maranda, utandikwe chini ya mlango usiku. Pazia la dirisha liwe la safu mbili. Wagawie wageni mifuko ya mpira ya maji ya moto. Kama nyumba ina sehemu ya moto yenye bomba la moshi, kama nyumba nyingi za Mufindi, bomba lisafishwe kila mwaka.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani. Lisiingie likiwa limekolea, wala likiwa "limebaki majivu tu", wala kwa nusu saa ya kupasha joto. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na chumba ulichokiziba vizuri dhidi ya baridi ndicho kinachoikusanya haraka. Mtu aliyelala haamki kukimbia. Mweleze mgeni usiku wa kwanza kwa maneno yako mwenyewe, hasa yule aliyetoka pwani anayetetemeka na kudhani unamnyima.

Lala humo

Chumba kikikamilika, usimwite mgeni bado. Lala wewe, usiku mmoja kila kitanda, ikiwezekana Julai. Panda ngazi gizani, zima taa ukiwa umelala, shuka kwenda msalani. Weka daftari kando uandike kilichokuamsha: chaga inayolia, ubaridi kwenye bega la upande wa ukuta, mwanga wa ukumbini machoni.

Mwaka jana nilipolala kitanda cha juu upande wa dirisha, niligundua msumari wa tochi uko mbali mno kushoto, mkono wangu haukuufikia. Wa mtoto ungefikaje. Asubuhi niliusogeza inchi nane, nikajaza tundu la zamani kwa gundi na unga wa mbao, na jioni yake basi likawaleta wajukuu wa shangazi.